Soja Ndiye Hufa Kwanza

Kufikia Ijumaa ya kwanza ya mwezi, masoja watatu walikuwa wameuawa mbele ya baba yangu na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kufungua mdomo. Wa kwanza alinyongwa akiwasha sigara. Wa pili alipigwa risasi akiwa nyuma ya meza ya mapokezi. Wa tatu hata sura yake hatukuiona. Tuliona tu buti zikiburutwa kichakani. Baba alikuwa anakula muthokoi. Akaweka kijiko chini, akauliza, "Sasa huyo, nani atampigia bibi yake simu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa hapo na daftari, nikijidai mhakiki. Mpango wangu ulikuwa rahisi: kwa mwezi mmoja nitazame kila filamu ya ekshen ambayo televisheni ya bure itaonyesha usiku, halafu niwaambie ni zipi zinafaa na zipi ni kupoteza tokeni. Nilikuwa tayari na sentensi za kuchekesha kuhusu ngumi, magari yanayopaa na bunduki zisizoisha risasi. Lakini ukitazama ekshen na mtu aliyelinda mageti kwa miaka 22, macho yako yanaanza kwenda pale ambapo kamera haitaki uangalie.

Kwa wale hampajui, Ndithini iko Masinga, kaunti ya Machakos, upande ule wa ndengu, maembe na vumbi. Nilirudi hapa baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, na sababu nitaifikia. Televisheni yetu ni ndogo, inatumia sola, na king'amuzi kimefungwa juu yake kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Mchana ukiwa na mawingu, usiku betri inakata kabla staringi hajalipiza kisasi. *Taken* ya mwaka 2008, ile ya Liam Neeson kumtafuta binti yake Paris, tuliiona robo tatu tu. Asubuhi mwaitu akaniuliza kama yule msichana alipatikana. Nikamwambia alipatikana. Hakuniuliza vipi, nami sikuona haja ya kueleza. Hiyo peke yake ni uhakiki wa *Taken* uliokamilika.

Na ndiyo maana ekshen inaishi vizuri kwenye televisheni ya bure kuliko aina nyingine yoyote ya filamu. Inavumilia kukatwakatwa. Matangazo ya sabuni yaingie, stima ipotee, jirani abishe hodi akiomba chumvi, ukirudi unaelewa kila kitu kwa sababu hadithi nzima ni sentensi moja: wamemchukua binti yake. Wamemuua mbwa wake. Wameteka jengo ambalo bibi yake yuko ndani. Filamu ya mapenzi ukikosa dakika tano umepotea, hujui kwa nini wamenuniana. Ya ekshen ukikosa dakika tano, kuna watu kumi zaidi wamekufa, basi.

Nyingi ni za zamani, na hilo halinisumbui. Kilichonisumbua ni mikasi. Kanuni za utangazaji hapa Kenya zinahesabu kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa muda wa familia, saa ambazo vitu vya watu wazima havifai kupeperushwa. Sawa. Filamu ikianza saa tatu na nusu, utaona mikasi ikifanya kazi. Staringi anamkaribia mrembo, midomo inakaribia kukutana, pap! tuko kwenye sini nyingine, watu wameshavaa. Lakini soja anayekatwa shingo getini? Huyo anabaki. Mwezi mzima sikuona busu hata moja likifika mwisho kabla ya saa nne, na masoja waliokufa kabla ya saa nne walijaza ukurasa wangu wa vijiti. Kuna mtu mahali fulani, mbele ya kompyuta, aliyeamua kwamba kifo hicho hakiwezi kumshtua mtoto yeyote. Na pengine amesema ukweli. Mimi mwenyewe nililelewa nacho, na sikuwahi kushtuka.

Chukua *Commando*, 1985, Arnold Schwarzenegger. Naipenda hii filamu, sitajificha. Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video sokoni, benchi la mbao, pazia la gunia, spika imepasuka. Niliiona tena na sauti ya DJ Afro juu yake, na nadhani kizazi chetu chote kina *Commando* mbili kichwani, moja ya Hollywood na moja ya mtaani. John Matrix anaishi mlimani na binti yake. Jenerali anamtembelea kumwonya kwamba yuko hatarini, kisha anamwachia wanajeshi wawili wa kulinda nyumba. Wawili hao hawamalizi hata muda wa kuchemsha chai. Kazi yao kwenye hadithi ni kufa ili tujue adui amefika, kama kengele ya mlango.

Baadaye Matrix anaingia kwenye kisiwa cha yule dikteta wa Val Verde, nchi ambayo haiko kwenye ramani yoyote, na anaua walinzi wake mmoja baada ya mwingine mpaka inakuwa kama mtu anayefyeka shamba. Kwenye kibanda cha vifaa anatumia hata shoka na misumeno ya mviringo. Mwishoni jenerali anafika na wanajeshi wake, anamuuliza kama amewabakishia chochote, na Matrix anajibu kwamba zimebaki maiti tu. Kibandani tulikuwa tunapiga makofi hapo. Safari hii nilicheka pia, kwa mazoea. Baba akasema, "Wale walikuwa zamu ya usiku. Angekuja saa kumi na mbili asubuhi angepata watu wawili tu, wanabadilishana."

Nilianza kuandika maneno yake upande wa kulia wa daftari. Upande wa kushoto, yangu. Kufikia wiki ya pili upande wake ulikuwa na vitu vya maana kuliko wangu.

*Die Hard* ilionyeshwa Jumamosi, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachokitazama. Ni filamu ya 1988, ya John McTiernan, na kwa maoni yangu ndiyo ekshen iliyojengwa vizuri zaidi. Majambazi wa Hans Gruber wanaingia Nakatomi Plaza usiku wa kuamkia Krismasi. Wanachofanya kwanza ni kumpiga risasi soja wa mapokezi. Kisha mmoja wao anavaa koti la ulinzi, anakaa kwenye kiti kilekile, anafungulia mpira kwenye televisheni. Polisi Al Powell anapokuja kukagua, jambazi anamkaribisha vizuri, wanaongea, Powell anazungusha macho, anaridhika, anaondoka. Kama McClane asingemwangushia maiti juu ya gari, angeenda zake nyumbani.

Nimeiona sini hiyo labda mara sita maishani. Nilikuwa naichukulia kama ujanja wa majambazi. Baba aliichukulia kama habari ya kila siku. "Hakuna mtu anajua sura ya soja," akasema. "Wanajua sweta." Akaniambia kwamba kwenye godauni moja alikolinda, Thika, kuna meneja aliyemsalimia kwa jina la mwenzake kwa mwaka mzima, na yule mwenzake alikuwa ameshaacha kazi. Baba aliitikia tu. Ingekuwa kisirani kumsahihisha bosi.

Hebu angalia filamu ilivyo na akili, na mahali akili hiyo inapoishia. McClane, akiwa peke yake ndani ya jengo, anaandika majina ya majambazi kwenye mkono wake kwa kalamu ili asiyasahau. Filamu inataka tuwajue: Hans, Karl, kila mmoja na tabia yake. Karl anamlilia ndugu yake aliyeuawa na hasira hiyo inamsukuma hadi mwisho. Jambazi ana ndugu. Soja wa mapokezi hana mtu. Hakuna anayeuliza habari zake filamu nzima, hata bibi yake McClane anayefanya kazi kwenye jengo hilo na lazima alikuwa anampita kila asubuhi.

Najua mtasema, msee, ni muvi tu. Ukimlilia kila anayeanguka, filamu itachukua wiki mbili. Kweli kabisa. Sisemi kila soja apewe matanga. Ninachosema ni kwamba filamu ya ekshen ni daftari la hesabu. Inaamua kifo kipi kinadaiwa na kipi kinafutwa, na inatumia vitu vitatu kuamua: jina, sura na muda. Ukipewa vyote vitatu, ukifa hadithi inasimama. Ukinyimwa vyote, wewe ni kengele ya mlango. Na wanaonyimwa ni walewale filamu baada ya filamu: mtu wa geti, dereva, mhudumu wa hoteli, mfagiaji aliyekuwa kwenye korido saa mbaya. Ukiorodhesha hizo kazi, umeorodhesha nusu ya wazazi wa watu niliosoma nao.

Kuna kifo, halafu kuna kile kingine kinachoitwa kuzimia. Hiki ndicho kilichonifanya nizime televisheni usiku mmoja kabla ya filamu kuisha. Mnakijua: staringi anamnyemelea soja, anampiga kisogoni na kitako cha bunduki, soja analala kama mtoto, staringi anavaa nguo zake. Filamu inahesabu hiyo kama huruma. Tazama, hakumuua! Soja ataamka baadaye na kidonda kidogo, atajikuna kichwa, watu watacheka.

Baba alipigwa kisogoni na chuma mwaka 2021, saa tisa usiku, akilinda. Hawakumuua. Alikaa hospitali siku 11. Mpaka leo maandishi madogo yanamcheza machoni, na kuna siku kichwa kinamuuma hadi anakaa chini ya mwembe bila kuongea mpaka jioni. Kampuni ilimlipa mshahara wa mwezi huo na wa mwezi uliofuata, halafu ikakaa kimya. Karo yangu ilikuwa inatoka kwenye mshahara huo. Hiyo ndiyo ile sababu niliyosema nitaifikia, na sina mengi ya kuongeza. Usiku huo kwenye skrini yule jamaa alipopigwa akaanguka, baba alishika kisogo chake. Hakujua amekishika. Nikasema betri inaisha, nikazima.

Nilitaka kuacha mradi wote hapo. Kilichonirudisha ni *John Wick*.

*John Wick* ya 2014 inajulikana kwa kitu kimoja: jamaa anaua watu wengi ajabu kwa sababu ya mbwa. Mkewe amefariki, amemwachia mbwa mdogo, mtoto wa mkubwa wa mafia anamuua mbwa na kuiba gari, na kuanzia hapo ni mazishi. Keanu Reeves anaongozwa na Chad Stahelski, ambaye kwenye *The Matrix* alikuwa akifanya zile sini za hatari badala yake, na inaonekana: kamera inakaa mbali, mwili mzima unaonekana, hakuna kukatakata ili kuficha kwamba mwigizaji hajui kupigana. Kwa ufundi, hakuna filamu mwezi huu iliyoikaribia.

Mbwa anaitwa Daisy. Ana jina, sura na muda. Nilipomweleza baba kwamba vita vyote hivi ni vya mbwa, hakushangaa hata kidogo. Kwenye kampuni alikofanya kazi, mbwa wa ulinzi walikuwa na daftari lao la chakula, kilo kwa kilo, na daktari wao. Masoja walijibebea githeri kwenye mfuko wa plastiki.

Lakini kuna sini moja. Wick anafika kwenye klabu ya usiku kumtafuta muuaji wa mbwa. Nje kuna baunsa mkubwa, amesimama, zamu yake. Wick anatokea gizani na bastola. Wote wawili wanajua kinachofuata kwa sababu wote wawili wameona filamu hizi. Na Wick anamwita kwa jina: Francis. Anamwambia amepungua mwili. Francis anafurahi, anamwambia ni kilo ngapi amepunguza. Wick anamshauri achukue mapumziko usiku huo. Francis anamshukuru, anatoa kifaa cha sikioni, anaondoka akiwa hai.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akaniomba niirudishe. Nikamwambia hii ni televisheni, hairudi. Basi akanisimulia tena yeye mwenyewe, sini ya dakika moja iliyokuwa imeisha sekunde kumi zilizopita, kana kwamba mimi sikuwepo. "Anamjua! Anamwambia, wewe nenda nyumbani!"

Ndani ya klabu hiyohiyo Wick anaua walinzi wengine mpaka nikapoteza hesabu. Kwa hivyo filamu haijaongoka. Lakini imekiri kitu ambacho nyingine zinakificha: kwamba tofauti kati ya Francis na wale wa ndani ni kwamba mtu alimjua jina. Basi. Kuna waandishi wa filamu waliojua wanachofanya, wakacheza nacho kwa dakika moja, wakarudi kazini.

*First Blood* ilikuja wiki ya tatu. Watu wengi wanadhani wanaijua kwa sababu wanamjua Rambo wa zile zilizofuata, yule wa mshale wenye bomu. Hii ya kwanza, ya 1982, ni mnyama mwingine. John Rambo amerudi kutoka Vietnam, anatembea kwa miguu akiingia mji mdogo, sherifu anamwona mchafu, anamtoa mjini, akirudi anamkamata. Polisi wanamtesa seli, anatoroka msituni, wanamfuata. Na katika fujo yote hiyo tunaona mtu mmoja tu akifa, polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Mmoja! Rambo angeweza kuwamaliza wote na anaamua kuwajeruhi tu. Na kifo hicho kimoja kinadaiwa: sherifu alikuwa rafiki yake huyo polisi, na anakidai mpaka mwisho wa filamu.

Halafu kuna zile dakika za mwisho, Stallone amekaa sakafuni akilia mbele ya kanali wake. Anasema vitani alikabidhiwa vifaa vya mamilioni ya dola, na huku nyumbani hawezi kushikilia hata kazi ya kuegesha magari. Kwenye riwaya ya David Morrell ya 1972 ambayo filamu ilitolewa, Rambo anakufa. Kwenye filamu walimwacha hai, na kwa kuwa alibaki hai wakapata nafasi ya kutengeneza nyingine, ambazo ndani yake vifo vinaongezeka na kilio kinapungua. Ukitaka kuona daftari la hesabu likibadilishwa mbele ya macho yako, tazama hizo filamu kwa mfuatano. Baba hakusema kitu usiku huo. Alikaa mpaka majina ya mwisho yakapita yote, na king'amuzi chetu kina tabia ya kuyakata.

Nairobi yetu ilionekana mara mbili. Ya kwanza ni *Eye in the Sky*, ya 2015, ya Gavin Hood. Magaidi wako ndani ya nyumba Eastleigh, wanajeshi wa Uingereza na Marekani wanawaangalia kupitia droni, na msichana mdogo anaitwa Alia anauza mkate nje ya ukuta. Wampige kombora au wasubiri mkate uishe? Filamu nzima ni hilo swali. Alan Rickman, yuleyule Hans Gruber, sasa ni jenerali wa Uingereza. Kuna afisa anayetakiwa kukadiria uwezekano wa Alia kufa, na kanali, Helen Mirren, anamsukuma apate asilimia iliyo chini ya 50 ili sheria iruhusu. Hapo hesabu ya ekshen inafanywa waziwazi, kwa sauti, na watu wanatoka jasho. Niliiheshimu kwa hilo.

Lakini Eastleigh yenyewe ni ya kuchekesha. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na mtaa unaonyeshwa na wanamgambo wakizunguka na bunduki barabarani kana kwamba serikali ilihama. Mtu yeyote aliyewahi kununua pazia Eastleigh anajua kwamba mtu aliye na nguvu pale ni wa duka, na mlangoni kwake kuna soja anayekukagua mfuko. Huyo soja hayumo kwenye filamu. Jiji ambalo huwezi kuingia supamaketi, benki wala kanisa bila mtu wa sweta kukupitishia kifaa cha kukagua, na wamelipiga picha bila yeye hata mmoja!

Na hapa ndipo ninapokasirika kidogo, kwa sababu hadithi ipo. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, gari lenye bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, Nairobi, likitaka kuingia kwenye maegesho ya chini ya jengo. Walinzi pale walikuwa Wakenya, bila bunduki. Wakaambiwa wafungue kizuizi. Hawakufungua. Mmoja wa washambuliaji akawarushia gruneti, risasi zikapigwa, kisha bomu likalipuka nje. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao Wakenya, na maelfu wakaumia. Ni msiba ambao hakuna mtu anaweza kuupaka rangi nzuri. Lakini gari halikuingia chini ya jengo, na halikuingia kwa sababu mtu wa geti alikataa. Ushahidi huo ulitolewa mahakamani New York mwaka 2001. Ni dakika chache tu na zina kila kitu ambacho ekshen inahitaji. Filamu hiyo sijaiona.

Baba aliajiriwa 1999. Anasema mafunzo yake yote yalikuwa na stori hiyo ndani: usifungue. Mkufunzi hakuwaambia kitakachofuata baada ya kutofungua.

Filamu ya pili ya kwetu ni *Nairobi Half Life*, 2012, ya David "Tosh" Gitonga, ile iliyokuwa ya kwanza Kenya kupeleka kwenye mchujo wa Oscar wa filamu za lugha za kigeni. Niliiona mara ya kwanza nikiwa sekondari na nilichokumbuka ni genge na bunduki. Nilikuwa nimesahau inavyoanza. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza DVD za ekshen kijijini, na ili auze anaigiza: anakuwa staringi, anakuwa adui, anakuwa bunduki na sauti yake. Wateja wanacheka. Anaenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji na jiji linamvua kila kitu siku ya kwanza. Usiku anaiba vipuri vya magari na wenzake, mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza jukwaani.

Kwangu ndiyo filamu bora ya mwezi, na sababu ni kwamba inaelewa kitu kuhusu sisi watazamaji. Mwas alijifunza ekshen akiwa upande wa staringi, kama sote. Kisha anafika mahali ambapo risasi ni za kweli na anagundua kwamba kwenye filamu hiyo mpya yeye ni mmoja wa wale wasio na jina. Wenzake wakianza kufa, Gitonga hawaondoi haraka. Tumekula nao, tumewasikia wakitaniana. Wana jina, sura na muda. Kwa hivyo inauma, na hakuna kisasi cha kukupoza.

Nami nina sini yangu, na ingekuwa unafiki kuwahesabia wengine bila kuiweka hapa. Mwaka wa pili chuoni, baba alikuja kuniletea pesa za hosteli na mfuko wa maembe. Alitoka zamu moja kwa moja, na sweta la kampuni. Nilimkuta getini akipiga stori na soja wa chuo kama watu waliozaliwa pamoja. Nilichukua mfuko, nikamsindikiza stejini haraka, haraka sana. Niliporudi, msee wa darasa langu akauliza yule ni nani. Nikasema ni mtu tu, ameleta mzigo kutoka nyumbani.

Sijui kama kuna busu au risasi ambayo mikasi ingeiondoa hapo. Ni sentensi fupi. Inapita.

Wiki ya mwisho stesheni moja ilionyesha *Ip Man*, ya Donnie Yen, kwa Kichina na maandishi chini. Baba hawezi kuyafuata maandishi madogo, kwa hivyo nilimsomea, nikageuza kwa Kiswahili nikienda, na sehemu nyingine nikichelewa nikabuni. Nikajikuta nafanya kazi ya DJ Afro sebuleni kwetu kwa mtazamaji mmoja, na mwaitu anayejifanya amelala. Jamaa mmoja asiye na mstari wowote alipigwa teke akatoka kwenye skrini. Nikampa jina, nikasema ana watoto wawili na deni dukani. Baba akasema deni hilo ni dogo, kwa mshahara ule lazima ni kubwa.

Basi, kama mlikuja kutafuta ushauri wa nini cha kutazama: *Nairobi Half Life* kwanza, *First Blood* pili, *Die Hard* kila inapoonyeshwa, na *John Wick* kwa ajili ya Francis. *Commando* mtaitazama tu hata nikiwakataza. Mkitazama, mwangalieni mtu wa geti. Mwangalieni amekaa wapi, ameshika nini, na hesabuni sekunde.

Jumapili nilimsomea baba makala hii chini ya mwembe. Nilipofika pale pa geti la chuo sauti yangu ilipungua, lakini sikuruka. Alikaa kimya kidogo. Halafu akaniuliza kama yule soja wa chuo bado yuko pale, akanitajia jina lake, kijiji chake, na kwamba alikuwa akingoja mtoto wake wa kwanza wakati ule. Mimi nilipita geti hilo kila siku kwa zaidi ya miaka miwili. Jina lake nimeliandika upande wa kulia wa daftari, chini ya Francis.

Kisha akauliza leo wanaonyesha gani.